Besi ya Kijani

Itangazwe kwa wote wenye masikio, pamoja na wale wanaotumia masikio kuning'inizia hereni tu, kwamba asubuhi hiyo, katika ua wa nyuma wa nyumba yenye geti la bluu, Kazi Kuu ya Kulivua Gitaa Rangi ilifunguliwa rasmi. Mgeni rasmi alikuwa baba mwenye nyumba. Wananchi walioitikia wito walikuwa mmoja, naye aliburutwa kutoka kitandani. Hotuba haikuwepo, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa na hasira za kumshinda kumeza mate, sembuse kuhutubia.

"Shika huku," baba alisema. "Na usiongee."

Msichana akashika, wala hakuongea, jambo ambalo kwake lilikuwa dalili ya ugonjwa. Huko shuleni bweni zima lilimwita Redio, maana hakuishiwa maneno na aliweza kutoa sauti ya mtu yeyote: mpishi, mkuu wa shule, hata kengele ya mapumziko ikiwa na mafua. Alikuwa nyumbani kwa likizo, na likizo, kama kila mwanafunzi wa bweni ajuavyo, huanza kuchosha pale tu usingizi unapokwisha.

Juu ya mlango mbovu uliolazwa kwenye mapipa mawili palikuwa na kiwiliwili cha gitaa la besi la baba. Kilikuwa kimefunguliwa shingo, nyuzi, vibonye na kila kinachofunguka, kikabaki kama kuku aliyenyonyolewa. Ila kuku huyu alikuwa wa kijani. Si kijani cha majani wala cha bendera. Kilikuwa kijani cha chura aliyepandishwa cheo, kinang'aa hadi ukajiona meno.

Baba alikuwa mpiga besi katika bendi ya harusi na hoteli, kazi aliyoianza kabla Redio hajazaliwa, na hakuwa na besi nyingine. Ilikuwa ya rangi ya asali, mbao tupu na vanishi. Pale mkono wake wa kulia ulipozoea kuegemea, vanishi ilikuwa imelika na mbao ikawa laini kama goti la mtoto. Sasa pote palikuwa pamefunikwa. Aliyefunika ni mjomba wa Redio, kaka wa pekee wa mama, mpiga rangi wa magari, mtu ambaye akiona kitu kina mkwaruzo hapati usingizi.

Hukumu ilikwisha kutolewa tangu siku besi iliporudi.

"Asikanyage hapa tena," baba alisema. "Mtu anayechukua gitaa la mgonjwa, analijaza puti ya kuzibia mashimo ya magari, halafu anasema mgonjwa mwenyewe ndiye aliyemtuma, huyo si shemeji. Huyo ni ugonjwa wa pili."

"Kaka yangu si mwongo," mama alijibu akiwa mlangoni, bado na viatu vyeupe vya zamu. Alikuwa mkunga. "Uongo unataka akili, na yule akili zake zote zimeishia kwenye rangi."

"Kwa hiyo mwongo ni mimi?"

"Sijasema."

"Umesema kwa macho."

Tangu hapo mama aliweka sahani mezani kama mtu anayepiga mhuri. Jumapili zote za nyuma mjomba alikuwa akija, yeye na baba wakakaa uani wakibishana juu ya mambo wasiyoyajua, kama vile uchumi na malezi. Jumapili hii mama alichukua mkoba wake, akaenda peke yake kumwona kaka yake, akarudi macho mekundu, akaenda moja kwa moja kulala. Mume upande huu, kaka upande ule, na kila mmoja anamwuliza mama nani mwongo. Hata Redio, ambaye kwa kawaida huzuni humpita kama basi la shule nyingine, aliona kwamba hapa pakikatika hapaungiki.

Na ukweli? Ukweli aliujua mtu mmoja tu, naye alikuwa ameshika upande wa chini wa besi na hasemi.

Baba alipokuwa na homa, hajiwezi hata kushika kijiko, mjomba alikuja kumjulia hali. Mama alikuwa kazini. Redio alikuwa chumbani akikamua kitambaa cha kumwekea baba kwenye paji la uso, na baba amelala fofofo. Mjomba, kwa adabu zake, akasimama nje ya mlango uliofungwa. "Shemeji, unaendeleaje?" Basi Redio, kabla akili haijauliza mdomo unakwenda wapi, akajibu kwa sauti ya baba, nzito, yenye homa ndani yake. Naendelea vizuri, shemeji. Ulimi ukanoga. Hiyo besi iliyoko sebuleni imechakaa, shemeji, tafadhali ichukue uipige rangi. Ile kijani iliyokudodea, tafadhali.

Ulikuwa mzaha! Alitegemea mjomba acheke, asukume mlango, amkute na kitambaa chake, wacheke wote. Mjomba alisema, "Sawa, shemeji, usijali kabisa," akatoka na besi begani. Redio angeweza kukimbia akamwahi getini. Alibaki pale pale akikamua kitambaa ambacho kilikwisha kukauka.

Sasa alikuwa na hasira, na hasira zake zilitosha kijiji. Aliwakasirikia wote. Mtu mzima, ana gereji, ana ndevu, anaambiwa apake besi rangi ya chura naye anakwenda kupaka! Na huyu mwingine, badala ya kucheka kama binadamu, anafukuza watu! Na rangi yenyewe, kwa nini haitoki?

Maana haikutoka. Baba alianza na thina. Akamwaga, akasugua, akamwaga tena. Kijani kikanawa uso, kikazidi kupendeza.

"Ametia hadena," baba alisema, kama mtu anayesema "ametia sumu."

Rangi ya magari iliyochanganywa na hadena, dawa ya kuikaza, ikishakauka haimjui thina wala ukoo wake. Moto baba aliukataa, akihofia gundi ya mbao isije ikaachia. Ikabaki mikono. Akavunja kioo kibovu cha dirisha, akavizungushia vipande viwili kitambaa upande wa kushikia, kimoja akampa binti yake. Kioo kikilazwa vizuri kinakula rangi taratibu bila kugusa mbao. Kikilazwa vibaya kinakula kidole.

Wakakwangua. Unga wa kijani ukaingia puani, kwenye nyusi, kwenye chai. Mama alipopita aliwatazama mmoja mmoja.

"Homa ya manjano nimeisomea," alisema. "Hii yenu ya kijani sijaisomea." Akaingia ndani bila kucheka, na mlango ukasema yaliyobaki.

Baada ya kioo ukaja msasa, ule wenye meno kwanza. Redio aliusugua kana kwamba mbao ndiyo iliyomtukana.

"Fuata mistari ya mbao!" baba alifoka. "Unakwangua kama unafuta jina la mtu."

"Nafuata."

"Unafuata nini? Mistari inakwenda huku, wewe unakwenda kwa majirani. Tazama michirizi hiyo! Vanishi ikikaa juu itaonekana mpaka nyuma ya ukumbi."

"Basi fanya mwenyewe!"

"Nani aliyekufundisha kunijibu hivyo? Huko bwenini?"

"Bwenini tunafundishwa kunyamaza."

"Basi ada yangu imepotea."

Wakarudi kusugua, kila mmoja anachemka kwenye sufuria yake. Mgongoni mwa besi rangi ilipokwisha, yakatokea mabaka ya kijivu. Puti. Mjomba alikuwa amejaza kila shimo na kila mkwaruzo, kwa ufundi mkubwa, kama bampa la gari la mtu mzito. Baba akachukua sindano ya mama ya kushonea, akaanza kuitoa punje punje.

"Huu ni wa mkanda wangu wa suruali," alisema, akiupitisha ukucha kwenye mkwaruzo mmoja. "Enzi hizo sina tumbo. Na hili shimo ni siku jukwaa lilipovunjika. Nilidondoka na spika ikanilalia. Unajua nani aliinyanyua ile spika peke yake, ilhali wenzangu wa bendi wanatafuta viatu vyao?"

Redio alijua jibu kabla halijaja, na hakulitaka.

"Yeye," baba alisema. Akadunga sindano kwa nguvu. "Ndiyo maana inaniuma. Angekuwa mwizi wa barabarani ningekwisha kusahau. Kupaka rangi si kitu, rangi inatoka. Lakini kunitazama usoni akaniambia nilimtuma!"

Redio akameza unga wa kijani. Akaona mlango mdogo wa uani wa dhamiri yake, akajaribu kuponyokea hapo.

"Labda ulimtuma, baba. Kwenye homa. Ukasahau."

Baba akaacha kuchokonoa. 

"Homa imewahi kunifanya niwaone watu watatu mahali alipo mmoja," alisema. "Haijawahi kunifanya nipende kijani. Na wewe usimtetee. Ukimtetea tena hapa, utamfuata huko huko."

Hivyo Redio akarudi kwenye msasa, akiwa na hasira mpya juu ya zile za zamani: za mtu aliyeona njia ya kutorokea na ikafungwa kwa kufuli.

Kazi iliendelea. Msasa laini, kisha ule laini zaidi. Baba akaipangusa mbao kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, vinyweleo vyake vikasimama, akaiacha ikauke, wakavinyoa kwa msasa tena. Mwishowe besi ikatoka uchi, nyeupe nyeupe, na pale palipokuwa pakiegemea mkono wa baba pakaonekana tena, kibonde kifupi. Baba akaweka mkono pale. Akaenda kuchukua vanishi.

Vanishi aliipaka kwa kitambaa kilichokunjwa kama andazi, mkono mmoja kutoka juu hadi chini, bila kurudi nyuma. Rangi ya asali ikaamka. Alikuwa katikati ya mgongo, na Redio akifukuza inzi kwa gazeti, geti lilipogongwa. Mama akafungua. Aliyeingia ni mjomba, na kopo la skrubu mkononi.

"Nimeleta vibonye na skrubu," alisema. "Nilivipangusa. Sikuja kukaa."

"Viweke chini uondoke," baba alisema bila kugeuka.

"Shemeji."

"Usiniite shemeji."

"Nikuite nani? Mdogo wangu umemwoa wewe, sikumwoa mimi." Mjomba alikuwa amekonda, au labda ni shati lake la kazi lililolegea. "Nilisimama mlangoni kwako, nikakusikia kwa masikio yangu. Ningejitolea vipi kupaka besi yako? Mimi hata gari la mteja sipaki bila neno lake."

"Unaona?" baba alimgeukia mama. "Anarudia! Ndani ya nyumba yangu, anarudia!"

"Acheni, jamani," mama alisema, na sauti yake ikapasuka katikati. "Mmoja wenu aache. Yeyote. Mimi nimechoka kuwa mlango kati yenu."

"Aache yeye. Aseme mbele yako na mbele ya mtoto kwamba alidanganya. Neno moja tu, tuyamalize. Asiposema, kuanzia leo wewe una kaka huko na mume hapa, na wawili hao hawajuani."

Mama akajishika kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Mjomba alimtazama dada yake. Kisha akaweka kopo chini polepole, akanyoosha mgongo kama mtu anayetaka kubeba gunia.

"Sawa," alisema. "Kama ndiyo itakayompa dada yangu usingizi. Shemeji, mbele ya mtoto wako, mimi nili..."

"Usiseme!"

Gazeti lilianguka. Redio alikwisha kusimama kati yao.

"Mjomba, usiseme hilo neno! Kwa nini wewe ni mjinga hivi? Miaka yote unamjua! Tangu lini baba akasema tafadhali? Mtu anakwambia tafadhali nyuma ya mlango, nawe unabeba tu! Hata mpishi wa shule asingedanganyika!"

Kitambaa cha vanishi kilikuwa kimesimama hewani, tone likakua kwenye ncha yake, likadondoka kwenye kiatu cha baba.

"Nani hapa," mama aliuliza taratibu sana, "aliyetaja habari ya tafadhali?"

"Neno hilo alilisema kweli," mjomba alinong'ona. "Mara mbili. Nikadhani ni homa."

Wote watatu wakamgeukia. Redio akatafuta sauti ya kutumia. Zilikuwepo nyingi, na hakuna hata moja iliyofaa.

"Ni mimi," alisema. "Baba alikuwa amelala. Nilijibu mimi."

"Kwa nini?" baba aliuliza. Hakufoka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mzaha."

"Kwa nini, nimekuuliza."

"Kwa sababu unakwenda nayo!" Machozi yalikuja, akayakasirikia nayo. "Siku ya wazazi kila mtu analetewa baba. Mimi nimeletewa salamu. Mwaka jana harusi, mwaka huu hoteli. Wanauliza baba yako yuko wapi, nasema yuko na besi. Mjomba alipoibeba nilimwona dirishani anatoka nayo. Ningeweza kumzuia. Nikasema acha iende, nayo ipate siku mbaya. Sikujua mtagombana. Nilipojua, niliogopa." Akafuta pua kwa mkono wa kijani. "Besi siiombi radhi. Naomba radhi kwa mjomba. Na kwa mama. Mjomba hajadanganya hata kidogo."

Baba alikuwa bado ameshika kitambaa, anamtazama binti yake kama mtu aliyekwangua kitu na kukuta asichokitegemea chini yake.

Na kwa kuwa bomba likishafunguka halichagui maji, Redio akaendelea.

"Na yule mwalimu wa zamu aliyetangaza dirishani kwamba mtihani wa hesabu umeahirishwa," alisema, "hakuwa mwalimu wa zamu."

Mama akavua viatu vya kazi, kimoja, kingine, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Endelea," alisema.