Kaya 0417

Jumatatu hiyo Elinipa alifika ofisini mapema, akaagiza chai na chapati, akafungua jedwali la kaya ambazo nyumba zao zilimezwa na ziwa lilipopanda. Alikuja Kigoma kutoka Same kwa mkataba wa mradi wa kuzigawia kaya hizo viwanja, na kazi yake ilikuwa kulinyoosha jedwali hilo. Kila kaya ilitambulika kwa namba ya mstari ilipokaa. Mtu akipanga majina upya, mistari inahama na namba zinahama. Mvuvi mmoja aliyeahidiwa kiwanja cha kona kule Mwandiga alikuta kimekuwa cha fundi cherehani wa Gungu.

Kufikia saa sita Elinipa alikuwa ameipa kila kaya namba yake yenyewe, isiyotegemea mstari. Ikishatoka haibadiliki, na kaya ikifutwa, namba haipewi mwingine. Alihifadhi, akaenda kula.

Kesho yake watu waliamka na namba zao nyuma ya sikio la kushoto, zimekaa kama baka la kuzaliwa. Kaya nzima ilikuwa na namba moja. Vinyozi wa soko la Mwanga, hapo hapo Kigoma, walizoea kuikwepa kwa mashine. Sheikh aliulizwa kama inazuia udhu, akasema haizuii.

Stephania, mjane muuza dagaa, alikuwa 0417. Alikuwa Mbembe aliyezaliwa Ujiji. Baba yake ndiye aliyevuka kutoka Kongo, zamani. Nyumba yake ya Kibirizi sasa ilikuwa na samaki chumbani, naye alilala stoo ya kanisa pamoja na binti yake Elida, aliyekuwa mjamzito.

Siku moja Castory, mkuu wa mradi, alimwita Elinipa.

"Hawa wenye asili ya Kongo watoe."

"Wana vitambulisho vya taifa, bosi."

"Viwanja havitoshi. Watoe."

Elinipa alirudi mezani. Aliyatazama majina yao, la Stephania likiwamo, akawaza mkataba wake unaokaribia kwisha na ada za wanawe, kisha akayafuta.

Kiwanja cha Stephania alikitaka Nehemia, shemeji yake Castory. Castory akaagiza apewe pamoja na namba ya mjane huyo, makaratasi yasisumbue. Kompyuta ilikataa. Kila Elinipa alipoandika 0417 mbele ya jina la Nehemia, ilitokea namba mpya, 0982. Nehemia alikwenda Ujiji kwa mchora hina akaandikwa 0417 nyuma ya sikio. Ilipokauka ilisomeka 0982.

"Basi mpe kiwanja kwa hiyo 0982," Castory alisema, na ikawa hivyo.

Stephania alikuja ofisini baada ya misa.

"Shikamoo mama," Elinipa alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Alifungua kilemba, akageuza kichwa. "Hebu niangalizie. Mimi sijioni huko nyuma. Bado ipo?"

"Ipo, mama."

"Haijabadilika?"

"Hii haibadiliki."

"Basi kiwanja changu nikione lini? Elida siku zake zimekaribia."

Elinipa hakugusa kompyuta. Alijua haina mstari huo.

"Namba ni yako, mama. Kiwanja amepewa mtu mwingine."

"Nani aliyenitoa?"

"Ni mimi niliyefuta."

Stephania alimtazama, si kwa hasira. Alifunga kilemba taratibu, akahakikisha sikio limefunikwa.

"Ungechukua namba," alisema, "ukaniachia kiwanja."

Elinipa alimsindikiza hadi barabarani, akamtafutia bodaboda. Stephania aliikataa, akaondoka kwa miguu. Mwisho wa mwezi mkataba wa Elinipa uliongezwa.

Nyumba ya Nehemia ilipofika kwenye lenta, juu ya madirisha, Elida alijifungua mtoto wa kike. Mkunga alimfuta, akamweka kwenye mizani, akakunja kisikio na kusoma. Aliandika uzito, na chini yake 0417.

"Mnaishi wapi?" aliuliza.

Elida alimtazama mama yake. Stephania alikuwa akimfunga mtoto kwenye kitenge, hakuinua kichwa. Mkunga alisubiri kidogo na kalamu yake, kisha akaiacha wazi nafasi ya makazi na kumwita mzazi mwingine.