Mtungi Uliolazwa Vibaya

Foklifti ilizima kwa mara ya tatu, chaga ya mbao iliyopangwa magunia ya vitunguu ikiwa nusu angani, na Chizuru akahisi ghala zima linamkodolea macho. Ilikuwa wiki yake ya kwanza kwenye usukani, baada ya miaka kumi na moja ya kuchambua vitunguu. Lori la Sapporo lilipaswa kuondoka saa nne, na bosi Kumagai alishasema wazi: likichelewa, Chizuru anarudi mezani kuchambua.

"Baridi ya Kitami hiyo, dada," Iwao, dereva wa lori, alimtania huku akipuliza chai. "Hata mimi nakohoa."

"Wewe unakohoa sigara," alijibu Chizuru. Akaishusha chaga taratibu, akateremka.

Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Mashine hii aliijua; alikuwa ameisomea kabla ya kupewa usukani. Mtungi wa gesi hulazwa nyuma ya kiti, tundu la ukingo wake likiingia kwenye pini ili usigeuke, na ndani yake mna bomba lililopinda kwenda chini, linyonye gesi ikiwa bado majimaji. Maji ya moto ya injini huipasha ikawa mvuke, ikachanganyika na hewa, ikaungua. Bomba likitazama juu, linanyonya mvuke mtupu: injini itanguruma vizuri tu, ila ukiitwisha mzigo, kwisha habari.

Akagusa mtungi. Ulikuwa umefunga barafu ubavu mzima, na mtungi hujigandisha hivyo ukichotwa mvuke. Akatabasamu.

"Bosi, nani kafunga mtungi huu?"

"Mimi mwenyewe," Kumagai alisema, kifua mbele. "Nikanyoosha kidole, nikatamka, 'Pini, sawa!' Wote walinisikia."

Walimsikia kweli. Ghalani humo kila kitu hunyooshewa kidole na kutajwa kwa sauti kabla ya kazi, na Kumagai alikuwa ametamka "sawa" miaka mingi mpaka mdomo ukalitangulia jicho.

"Nyoosha tena, bosi. Safari hii tazama."

Iwao akasahau chai yake. Kumagai akanyoosha kidole, kikaganda hewani. Tundu la mtungi lilikuwa huku, pini kule.

"Pini..." Akainama, akatazama tena. "Si sawa."

Chizuru alitamani kucheka, akajizuia. Akafunga vali, akaiwasha injini imalize gesi iliyobaki kwenye mpira, akalegeza mkanda, akauzungusha mtungi mpaka pini ikaingia tunduni. Akakaza, akafungua vali polepole.

Chaga ikapanda bila kusita. Kumagai alikuwa bado amesimama mbele, anakitazama kidole chake.

"Bosi," Chizuru aliita, mkono kwenye honi, "umesimama kwenye njia yangu."

Bosi akainamisha kichwa, akapisha.