Mwamba Usiopitisha Kitu

Maji ya kisima cha Enid Pascoe hutoka ardhini yakiwa na moto wa kunyonyolea kuku, na ndiyo maana sisi wa magharibi mwa Queensland hujaza bafu asubuhi tukaoga jioni. Jumanne moja Enid alikwenda kuoga akakuta sikio la mumewe, Clarrie, likielea majini. Alilitambua kwa ncha iliyong'olewa na kondoo dume mwaka waliooana. Alilifuta kwa taulo, akaliweka kwenye sahani safi, akaoga.

Clarrie tulikuwa tumemzika zamani, nyuma ya banda la kukatia manyoya. Aliendelea kufika hivyo hivyo, kiwiko leo, goti wiki ijayo, hadi akawa mtu wa kutosha kukaa mezani. Enid alimuuliza mbona amechelewa.

"Kwenye makaa ya mawe nilishuka vizuri tu," Clarrie alisema. "Ule mwamba ulio chini yake ndio ulionitesa. Vitundu vyake vidogo, halafu havijuani. Ukisukuma unangoja. Mwisho nikapata ufa."

Enid alifurahi. Hakuwa mtu wa kuficha furaha. Alioka keki na kutuletea majirani vipande, akisema mzee amerudi.

Mwezi ule ule akaja Rowan Liddell, mhandisi wa kampuni ya gesi iliyotaka kuchimba ng'ambo ya ua wake. Kijana mwenye adabu, alivua viatu barazani. Alitoa mfukoni kijiwe cha mviringo, kinene kama kidole gumba, akaeleza kuwa gesi iko kwenye makaa, maji ya Enid yako chini kabisa, na katikati ndipo ulipo mwamba huu. Maabara ilikuwa imeubana na kuusukumia gesi siku nzima. Haupitishi kitu.

Enid aliogopa. Bila kisima kile hakuna kondoo, na bila kondoo hakuna sababu ya mtu kuishi kule. Alimwonyeshea kidole Clarrie, aliyekuwa akimmiminia mgeni chai.

"Huyu kapita."

Liddell alimpa Clarrie mkono, akamshukuru kwa chai.

"Vipande vyenye nyufa mlivipima?" Enid aliuliza.

"Havipimiki, mama. Mashine ikivibana vinapasuka. Tunapima vilivyobaki vizima."

"Na vile vingine?"

"Tunatupa."

"Sasa mume wangu alipita wapi?"

Liddell alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Kwenye nyufa, bila shaka," alisema. "Lakini huko hatukupima." Akaongeza biskuti moja, akaaga.

Kibali kilitoka kabla ya majira ya kukata manyoya. Kutoa gesi kwenye makaa, kwanza unayavuta maji yaliyomo, na ukishayavuta pale panakuwa na pengo linaloita kila kilicho karibu. Kisima cha Enid kikaanza kukohoa. Clarrie naye akaanza kupungua, bandu bandu, kila alipooga. Aliosha vyombo vyote jioni aliyohisi vidole vinalegea, ili asimwachie mkewe kazi.

"Wananivuta, Enid," alisema akiwa bafuni.

Enid alimshika mkono wa shati, akabaki na shati. Alilia usiku ule na siku iliyofuata. Nasema wazi kwamba tuliona aibu, kwa sababu wengine wetu tulikuwa tumeshakubali mabomba ya gesi yapite kwetu.

Baadaye dereva wa lori la maji alimwambia Enid kwamba Clarrie ametokea kwenye bwawa la kampuni, pale yanapomwagwa maji yaliyovutwa, na amepewa ovaroli na kazi ya kufunga vali za mabomba. Enid akawasha gari. Liddell alimpokea langoni, kofia mkononi.

"Nimekuja kumchukua mume wangu."

"Kinachotoka kwenye kisima chetu ni cha mwenye leseni, mama. Halafu angekuwa mumeo, ingebidi awe amepita kwenye mwamba." Alionekana kumhurumia kweli. "Na mwamba haupitishi kitu."

Clarrie alisogea kwenye ua wa waya. Aliuliza habari za kondoo. Enid akamwambia amewauza, bomba halitoi hata tone.

"Najua," Clarrie alisema. "Maji yote nimekuja nayo huku."

Ilikuwa saa ya chai ya asubuhi. Enid alifungua kifurushi, akampenyezea mkate wenye nyama katikati ya nyaya, wakala wote wawili wakiwa wamesimama. Ng'ambo ya barabara, kwenye shamba langu, mitambo ilikuwa imeanza kuchimba kisima cha pili cha gesi.