Namba Tatu wa Kuazima

Kila mwaka, kabla ligi ya shule haijaanza, mwalimu wa jiografia alikuwa na wimbo wake mmoja: mwaka huu tuna timu. Aliuimba ofisini kwa walimu, akauimba kwenye foleni ya chakula, na mwalimu mkuu alikuwa ameuzoea kiasi cha kuitikia kabla haujaisha. Yeye ndiye aliyekuwa kocha wa raga. Safari hii, hata hivyo, wimbo ulianza kumkwama kooni. Mechi ya kwanza ya kujipima nguvu walichapwa wakachapika, ya pili wakaponea kwenye sare, na hii ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho. Ikiisha tu, angetangaza kikosi cha kwanza.

Kabati alilisubiri tangazo hilo roho juu. Jina alipewa na wenzake, maana akisimama mlangoni darasa zima hubaki gizani. Alikuwa mchezaji wa safu ya mbele, wale watatu wanaoinama kwenye skramu, wakapishanisha vichwa na watatu wa upande wa pili, kisha wakasukumana huku wenzao watano kwa watano wakiwasukuma kwa nyuma. Nguvu alikuwa nazo. Shida yake ilikuwa mtu mmoja, na mtu huyo aliitwa Nondo.

Nondo alikuwa mtoto wa mama yake mkubwa, kwa hiyo ni kaka yake, na si kaka wa kusimuliwa. Walilala chumba kimoja tangu wana meno ya utoto, wakagombania dirisha, blanketi na kipande cha mwisho cha mkate. Nondo ndiye aliyevaa jezi namba moja, upande wa kushoto wa safu, na Kabati alikuwa akiba yake. Misimu miwili mizima alikuwa amekaa benchi akimshikia koti. Hakumwonea kaka yake kijicho, au tuseme alimwonea kidogo, usiku tu, akimsikia anavyokoroma kwa raha. Huu ulikuwa mwaka wao wa mwisho shuleni. Akiachwa safari hii, hatavaa jezi ya kikosi cha kwanza maisha yake yote.

Wageni walifika na basi lao, na mtu wa kwanza kushuka alishuka mbio, akaenda kuinama nyuma ya choo. Huyo alikuwa namba tatu wao, wa upande wa kulia wa safu ya mbele. Kocha wao, mama mmoja mfupi mwenye filimbi shingoni, alikwenda kumtazama akarudi anatikisa kichwa.

"Mwalimu mwenzangu, nimeumbuka," alimwambia mwalimu wa jiografia. "Namba tatu wangu anatapika hata asichokula, na akiba yake kaumia shingo juzi. Sina mwingine aliyefundishwa safu ya mbele."

"Ina maana skramu za kuegemeana tu?"

"Ndiyo hivyo. Refa hataruhusu watu wasukumane."

Mwalimu alishika kiuno. Mechi bila skramu za kweli haikuwa na faida kwake hata chembe. Upande wake wa kulia ulikuwa unavuja tangu namba tatu wa zamani amalize shule. Alikuwa amemweka pale kijana mrefu mwembamba aliyeitwa Rula, na Rula alikuwa akikunjwa na kila aliyemgusa. Alitaka kuona kama kuna nafuu. Akageuza macho kwenye benchi, yakatua kwa Kabati.

"Nitakuazima mmoja," alisema.

Kabati alihisi uso unamwaka. Kuazimwa! Kama jembe, kama ngazi! Hakuna anayeazimisha kitu anachokitegemea kesho. Mwalimu akamvuta pembeni, akamwekea mkono begani.

"Mwanangu, nisikilize. Usijitie ushujaa. Wewe shikilia tu, skramu isianguke. Hawa vijana wamevunjika moyo, nataka leo waondoke wameuona ushindi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mwalimu," alijibu Kabati. Kuelewa alielewa, tena vizuri mno.

Wageni walimpa jezi ya njano iliyomkaa kama soksi. Iliingia kwa kusukumwa na watu wawili, na kitovu kikabaki nje. Lakini walimpokea vizuri, wakampigapiga mgongoni, na nahodha wao, mchezaji wa kati wa safu ya mbele ambaye angeshikana naye bega kwa bega, akamsogelea.

"Karibu, ndugu yangu. Tunakutegemea, maana bila wewe leo tungecheza kombolela. Hebu tuambie, ishara zao za mpira wa kurusha zikoje?"

"Ishara siwezi kuwapa," alisema Kabati. "Hizo si zangu."

"Na kusukuma?"

Kabati alimtazama. Wavulana wa njano walikuwa wamemzunguka, wote wamemkodolea macho, na hakuna hata mmoja aliyemwona akiba.

"Kusukuma nitasukuma," alisema, na palepale akatambua kwamba ahadi zilikuwa zimekwisha kuwa mbili.

Kando ya uwanja walikuwa wamefika akina mama wawili, mama yake Kabati na dada yake, mama yake Nondo. Walikuwa na saluni yao ya nywele mtaa wa pili, na walikuja na aproni zenye madoa ya rangi, wakiwa wamemwacha mteja chini ya mashine ya kukaushia kwa ahadi ya dakika tano. Raga hawakuijua. Walichojua ni kupiga kelele.

"Dada, mbona simwoni mwanangu?" aliuliza mama Kabati.

"Si yule pale, wa njano?"

"Wa njano si ndio wageni?"

"Basi wamemchukua."

"Wamemchukuaje? Kwa ruhusa ya nani? Na hiyo nguo ya nani, mbona tumbo liko nje?"

Refa akapuliza kipenga. Haukupita muda mtu akaangusha mpira, ikaitwa skramu ya kwanza. Kabati akajipanga upande wa kulia, mahali ambapo hajawahi kusimama, na alipoinua uso mbele yake akamkuta Nondo. Wote wawili wakapigwa na butwaa. Mazoezini kikosi cha kwanza husukumana na cha pili, na namba moja hukabana na namba tatu wa upande wa pili; namba moja wawili hawakutani kamwe. Siku zote Kabati alikuwa akimkunja Rula, jambo lisilomshangaza mtu, na Nondo akimkunja mtu mwingine upande mwingine. Walikuwa wamegombania kila kitu duniani isipokuwa skramu.

"Wewe unafanya nini hapa?" Nondo alinong'ona.

"Nimeazimwa."

"Basi usinikunje mbele ya mama."

Wakainama, wakashikana, sikio la mmoja likakwaruzana na la mwenzake. Kabati alishikilia tu, kama alivyoagizwa. Safu ya njano ikarudishwa nyuma, vijana wa shule yake, wenye jezi za kijani, wakashangilia, mwalimu akapiga makofi. Skramu ya pili ikawa vilevile. Alipoinuka, Kabati alimwona nahodha wa wageni anajifuta tope usoni, shavu limechunika. Hakumlaumu kwa neno. Alisema tu, "Pole, ndugu yangu, najua upande huu si wako. Jikaze, tuko wote."

Lingekuwa tusi angelivumilia. Hiyo pole ndiyo iliyomchoma. Alijiona mwongo, amevaa jezi ya watu huku amekula njama na upande wa pili. Akamtazama mwalimu kule kando, akamtazama kijana huyu mwenye shavu la damu, akapiga moyo konde.

Skramu ya tatu, masikio yao yalipokutana tena, Kabati alisikia kitu alichokuwa akikisikia kila usiku wa maisha yake: pumzi ya Nondo. Nondo alikuwa na tabia ya kuvuta pumzi puani kwa kifilimbi chembamba, akaibana, kisha ndipo afanye jambo, iwe ni kunyanyua ndoo au kuomba ruhusa ya kutoka. Kifilimbi kikalia. Kabati hakungoja. Aliingiza bega, akanyoosha miguu, na skramu nzima ya kijani ikapinda upande ule kama mlango uliotoka bawaba.

"Ala!" alisema Nondo toka chini.

"Samahani, kaka."

"Samahani ya nini? Njoo tena!"

Wakaja tena, na tena. Nondo hakuwa mtu wa kukubali kirahisi. Alibadilisha mguu, akashusha bega, akajaribu kupumua kwa mdomo akapaliwa. Mara mbili alimweza Kabati na kumwinua hadi vidole vya miguu vikaacha ardhi, na mama yake akaruka juu na aproni yake. Lakini zilizobaki zote alikiona cha mtema kuni. Ajabu ni kwamba upande wa kulia ulimkaa Kabati kuliko ile jezi. Kule kushoto siku zote alihisi bega moja halina kazi. Huku mabega yote mawili yalikuwa na mtu wa kusukuma. Alianza kucheka ndani ya skramu, na Nondo, naye amebanwa sikio, akamsikia akaanza kucheka pia, mpaka refa akawauliza kama wamekuja kwenye harusi.

"Msukume, baba!" mama Kabati alikuwa akipiga kelele.

"Unamwambia amsukume mwanangu?" dada yake aliuliza.

"Na wewe mwambie wako asimame imara, dada, nani kamkataza?"

Wakanuniana kwa muda wa skramu moja, kisha wakashikana mikono tena.

Zikiwa zimebaki dakika chache, kijani walikuwa wanaongoza kwa pointi tatu, na skramu ikaitwa karibu na mstari wao wenyewe wa goli. Mpira ulikuwa wao. Walichotakiwa ni kuuingiza, kuutoa na kuupiga mbali, mchezo uishe. Mwalimu alikuwa amekwisha kutabasamu. Kifilimbi kikalia, Kabati akasukuma kwa nguvu zote alizozihifadhi misimu miwili, na mpira ukachomoka nyuma ya skramu kabla mtu hajawa tayari, ukamponyoka kijana aliyepaswa kuudaka, ukabingirika hadi nyuma ya mstari. Watu wakaanguka huku na huku. Kabati alijinasua, akauona pale kwenye majani, peke yake, akajitupa juu yake na uzito wake wote.

Trai! Pointi tano, njano wamepita! Vijana wa njano wakamrukia, mama yake akaingia uwanjani akicheza, na ndipo ilipomjia akilini kwamba amewafunga watu wa shule yake.

Mechi ilipoisha mwalimu alimwita.

"Nilikuambia nini?"

"Ulisema nishikilie, Mwalimu."

"Ukafanya nini?"

"Nilisukuma." Alijaribu kuivuta jezi ifunike kitovu. "Walinipa jezi yao, Mwalimu. Walikuwa wananitegemea. Nilishindwa kuwadanganya."

"Na sisi je? Nina wiki moja, vijana wangu wamekufa moyo, na aliyewaua ni wewe! Haya, sawa. Kama kikosi hiki si chako, sitakulazimisha."

Akaenda zake kwa wengine. Kabati alibaki amesimama na kitovu chake nje. Ilimuuma, tena sana, na hakuwa na wa kumlaumu. Angeweza kushikilia tu. Hata hivyo, alipojiuliza kama angerudia kufanya vile, alijijibu kwamba angerudia, na jibu hilo halikumpa raha yoyote.

Mwalimu alikuwa amefungua kinywa kuanza kutangaza kikosi, Nondo akanyoosha mkono. Sikio lake lilikuwa limevimba na pua imejaa tope.

"Mwalimu, naomba kusema."

"Sema."

"Mimi ndiye namba moja hapa, na leo nimekunjwa. Nimekunjwa na mtu ambaye hajawahi kusimama upande ule hata siku moja. Sasa, tunahangaika nini na namba tatu? Rula mwenyewe hapataki pale."

"Sipataki kabisa," alisema Rula haraka. "Mimi nirudi nyuma, Mwalimu. Nimeomba tangu mwanzo."

"Huyu ni ndugu yako," mwalimu alimwambia Nondo. "Ndio maana unamtetea."

"Ndugu yangu? Mwalimu, namfahamu huyu. Akiwa akiba yangu nalala usingizi mzuri, kiti changu hakina mtu wa kukigusa. Ningetaka kujipendelea ningenyamaza." Akajishika sikio. "Lakini sitaki kukutana naye tena akiwa upande wa pili. Mweke upande wangu."

Mwalimu alijikuna kidevu, akamtazama Kabati, akamtazama Nondo, na mtu yeyote angeona hasira inavyopigana na hesabu. Kisha akaamuru kikosi cha pili kijipange, akamwashiria Kabati aje kulia vilevile alivyo, na jezi yake ya njano katikati ya kijani. Skramu moja tu, alisema. Nondo kushoto, Kabati kulia. Kikosi cha pili kilisukumwa moja kwa moja hadi kwenye mabegi yao, kikaanza kulalamika.

Midomo ya mwalimu ilikuwa inachezacheza, na waliomjua walijua ni wimbo gani unarudi.

Kocha wa wageni akaja na kapu la nguo chafu. "Nimefuata jezi yangu," alisema. "Na kama huyu aliye ndani yake hana kazi, yeye pia namtaka kwa mechi ya Jumamosi."

Kabati alikuwa ameshaanza kuivua. Ilikuwa imegoma kichwani, mikono juu, uso wote umefunikwa na kitambaa kilicholowa, na Nondo alikuwa ameikamata kwa pindo akivuta. Akiwa humo gizani alimsikia mwalimu akijibu.

"Jezi chukua, mama. Huyu haazimwi. Ni namba tatu wangu."

Nondo akavuta tena, na jezi ikasogea.

"Toka basi, mbona unang'ang'ania?"

"Ngoja kidogo," alisema Kabati kutoka ndani. "Ngoja kidogo, kaka."

Nondo akaacha kuvuta, akamsimamia mbele ili watu wasimwone.