Ubeti wa Ikupa

Fundi Sadalla alikuwa barazani kwake Msasani ya Tukuyu akishona suruali za sare za shule, Atuganile alipoingia na kitenge kilichorowa kumwomba atungiwe shairi. Mvua ya Tukuyu siku hiyo ilikuwa ya kawaida, yaani haikuwa na nia ya kukatika. Sadalla ndiye aliyetunga mashairi ya kulaki wageni wa serikali, na kila shairi alilifunga kwa kutaja jina lake katika ubeti wa mwisho, kama walivyofanya babu zake wa pwani.

"Ugonile, fundi," alisalimia Atuganile. "Ijumaa utasoma mbele ya mgeni kule kijijini kwetu. Mtaje mama yangu."

Mama yake, Ikupa, alikuwa amepooza miguu. Siku ya kuhamia kijiji kipya wanamgambo walichoma nyumba za huko juu Ikuti ili watu wasirudi nyuma, na aliyetumwa kuhakikisha kwamba ziko tupu alisema ziko tupu. Katibu wa kijiji, Meshaki, alitangaza kwamba hakuna aliyekufa katika uhamisho, kwa hiyo hapawezi kuwa na msiba. Ukoo ulikatazwa kukaa matanga, kuchinja ng'ombe, hata kulia kwa sauti. Atuganile alikuwa katika wiki ya tatu ya kumeza kilio.

Sadalla aliogopa, tena bila kuona haya. Kinyozi Tamimu, jirani yake, alitania foleni ya sukari tu, akachukuliwa, na mkewe Arafa hajaambiwa mpaka leo yuko wapi.

"Mama, mimi nina watoto," alisema.

Atuganile hakumlaumu. Alishukuru, akarudi mvuani.

Sadalla alitunga beti saba za kukisifu kijiji, na katika ubeti wa nane akatia jina lake. Ijumaa alisoma vizuri hadi ubeti huo, na pale penye Sadalla palikuwa pameandikwa Ikupa, kwa mwandiko wa fundi mwenyewe. Alisoma Ikupa. Mgeni alipiga makofi, akasema angependa ofisi imtambue huyo mshairi Ikupa. Meshaki aliandika barua ya wito, na tarishi akaiacha Ikuti juu ya majivu.

Jumatatu saa nne Ikupa alifika ofisini kwa miguu yake. Alikuwa mweusi kama kisiki kilichoungua, na kila hatua aliacha jivu ambalo tarishi alilifagia. Alisalimia, akakaa kwenye benchi kati ya Sadalla na Atuganile, ambao nao waliitwa, akangoja zamu yake.

"Unaishi wapi, mama?" Meshaki aliuliza.

"Ikuti. Nilichomwa ndani."

"Ikuti hakuna mtu. Umechelewa kuhama." Meshaki alifungua kitabu, akamwandikia kiwanja namba arobaini na moja. Kisha akamgeukia Sadalla. "Fundi, ndiye huyu? Ni mzima?"

Neno moja tu lilitakiwa, na Atuganile angepata matanga yake. Alimwangalia Sadalla. Sadalla alimfikiria Tamimu.

"Ndiye," alisema. "Mzima."

Alipewa kalamu, akatia sahihi.

"Na msiba, Ndugu Katibu?" aliuliza Atuganile.

"Msiba wa nani?" alisema Meshaki, bila hasira. "Mama yako si huyu hapa?"

Ikupa alipewa jembe, akaoneshwa kiwanja na ekari yake. Aliposhika mpini vidole vilimeguka, kimoja baada ya kingine, akaenda kukaa pembeni. Tangu siku hiyo Atuganile hulima ekari mbili, yake na ya mama yake, na asipomaliza ya mama yake huitwa ofisini kueleza kwa nini.