Shipu Kumi za Mahari

Nilimwambia kaka yangu Pastory mapema kabisa: usimwachie Wilfred Kiingereza cha ukoo. Wilfred, mdogo wetu wa mwisho, ana kamusi isiyo na jalada na mdomo usio na breki. Lakini mimi Marcelina ni muuza samaki, migebuka tu, nani anisikilize?

Yunisi, binti wa Pastory, alimpenda Mulenga, fundi wa injini za maboti kutoka Mpulungu, kule Zambia, ncha ya pili ya ziwa letu. Baba yake akakataa katakata. "Simwozeshi mwanangu kwa mtu wa grisi!" Mtoto wa watu akakonda, hata ugali wa muhogo akawa anauchokonoa tu. Roho iliniuma, jamani.

Ndipo mjomba wa Mulenga, asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji, akatuma ujumbe wa sauti kuhusu mahari. Tukakusanyika sebuleni kwa Pastory, Katubuka. Kiingereza kikamwagika kwenye simu, mwishoni tukasikia, "Teni shipu!"

Wilfred akaruka. "Shipu ni meli! Wanatoa meli kumi!"

"Ziwa zima hili lina meli ngapi?" nikauliza.

"Dada, waachie wasomi."

Pastory, aliyenuna tangu Pasaka, akacheka mpaka gego la mwisho likaonekana. Akataka wajibiwe kwa maandishi palepale, wasije wakabadili mawazo. Wilfred akashika kalamu, akakwama. Si unakijua Kiingereza, kinaandikwa hivi kinasomwa vile.

"Yunisi, wewe umetoka shule juzi. Shipu inaandikwaje?"

Yunisi alikuwa anamenya ndizi, hakuinua hata macho. "S, h, e, e, p."

"E mbili?"

"Mbili, baba mdogo."

"Na zikiwa kumi, mwishoni si tunaongeza s?"

"Hapana, hilo halibadiliki. Ni kama dagaa. Dagaa mmoja, dagaa kumi."

"Nilikuwa nakupima tu," Wilfred akasema, mwongo mkubwa yule. Akaandika kwa Kiingereza kwamba baba amekubali "sheep" kumi. Pastory akamwambia aongeze kwamba hadai kingine, wasimwone mroho. Akatia saini, karatasi ikapigwa picha, ikatumwa.

Wiki tatu zile Pastory hakukamatika. Alinunua kofia ya kapteni. Salamu aliitikia kwa kidole. Jirani yetu mzee Castory akaahidiwa unahodha, na mimi nikapewa kukata tiketi. Naona aibu kusema, lakini sare nilishaanza kuiwazia.

Siku ya siku tukateremka mwaloni Kibirizi, maboti yanakoshushia mizigo, na kwaya nzima. Pastory akakodolea ziwa, kofia kichwani. Likaja boti moja la mbao.

"Hilo la kutangulia tu," Wilfred akasema.

Boti likalia: "Mee!"

Wakashushwa kondoo kumi, wamelowa chapachapa, wanayumba kama wametoka kilabuni. Mulenga akaja mbele akapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Meli ziko wapi?"

"Meli gani, baba?" Akatoa simu, akamwonyesha picha ya karatasi. "Ulikubali sheep kumi. Kondoo. Saini yako hii hapa."

Pastory akamgeukia Wilfred. Wilfred akaigeukia kamusi, akapekua mpaka jasho likamtoka. "Meli..." akasoma, sauti ikififia. "Meli haina e. Ina i. Moja."

Mzee Castory akaangua kicheko, kwaya ikafuata. Mimi nikacheka huku machozi yananitoka, maana niliona kaka amekunja ngumi, nikajua harusi inakufa palepale mchangani.

"Yunisi!" akafoka. "Ulijua?"

Yunisi akapiga magoti kando ya Mulenga. "Nilijua, baba. Mliniuliza inaandikwaje. Maana yake hamkuniuliza." Akafuta pua. "Tangu mwaka jana hakuna mnachoniuliza."

Watu wakanyamaza. Kondoo hawakunyamaza.

Pastory akamsogelea mwanawe. "Haya," akasema taratibu. "Leo nakuuliza. Unampenda huyu wa grisi?"

"Nampenda, baba."

Kaka akavua kofia yake ya kapteni, akamvisha Mulenga. Ilikuwa kubwa, ikamfunika mpaka puani.