Sijda ya Babu Hamira

...na kama hii ni sijda, basi Babu Hamira anawaombea hadi wasiozaliwa, maana mama mwenye mikate amesimama mlangoni mwa stoo ya unga mpaka jua la asubuhi limefika kwenye magunia, na mzee huyo, mkandaji wake wa usiku, bado paji la uso liko kwenye mswala, nyayo nyeupe kwa unga, hajainuka... amguse? mtu hakatizwi swala, hata kama umekuja kumfukuza kazi, na hilo ndilo lililomleta, mikate imeungua tena, msimamizi kasema, mama, huyu keshazeeka, tutafute mwingine, naye akajibu, niachie mimi, nitamwambia kwa mdomo wangu... dua gani ndefu hivi, lakini si ndiyo sifa yao, jirani alimwambia, wafanyakazi wako wacha Mungu, kila nikichungulia usiku, aliye zamu kasujudu, naye mama akavimba kichwa, akaona hiyo ndiyo baraka ya mikate yake, na... nini hicho? mkoromo, mdogo, wa pua iliyobanwa chini, kumbe kalala, masikini, kalala kwa Mungu, na angelala wapi, benchi si alilitoa yeye, zamu ya usiku hakai mtu, alisema, ila swala sikatazi, akajiona mwadilifu, astaghfirullah, akawaachia mlango mmoja tu wa kupumzikia... swala imeharibika, sawa, ila dhambi aandikiwe nani, aliyesinzia au aliyemfanya aibe usingizi mbele ya Mola wake? msiwabebeshe wasichokiweza, na mkiwabebesha wasaidieni, Mtume kasema, wanawe amewafundisha hivyo, tena kwa ukali, na huku usiku kucha kamwacha mtu mmoja na mashine ya kukandia na tanuri, na tanuri halijui uchovu wa mtu... mbona hakusema? angesemaje, na yeye akipita hata paka hukaa kimya... marehemu mumewe naye alifanya kazi za usiku, kwa watu, alirudi asubuhi akasinzia kijiko kikiwa mdomoni, yeye mkewe akakichomoa polepole, akawafukuza watoto uani kwa mikono tu, bila sauti, alimpenda vile akilala, mdomo wazi, na huyu pia ana wake nyumbani wa kumchomolea kijiko... mama, umeshamwambia? msimamizi huyo, na viatu vyake vya kelele, atamwamsha, akageuka upesi akaziba mlango kwa mwili wake wote, na mwili Mungu hakumnyima, vua viatu, akanong'ona, mwenzio bado anaswali, mpaka saa hizi, mama? mpaka atakapomaliza, na kuanzia leo usiku wawe wawili, wapokezane, mmoja akifanya kazi mwingine alale, kulala kwenyewe, kwenye godoro, umesikia? nimesikia, mama, ila huyu, mbona kama... na mkoromo ukapita katikati yao, mrefu sasa, wa mtu aliyetulia, msimamizi akamkodolea macho, naye, bila kupepesa, akainua viganja akaitikia, amina.